Rangi Zilizo Chini ya Miguu Yetu

Mwezi huu tuzungumze habari za rangi. Usiseme kwamba rangi ni mambo ya watu wa mjini. Rangi za kwanza alizotumia binadamu zilitoka katika udongo kama huu unaoukanyaga.

Habari yenyewe ilianza hivi. Tulitembelea darasa moja la kisomo katika milima ya Kasulu. Wanakisomo wa darasa hilo walikuwa wamekubaliana kuchora picha kubwa ukutani mwa darasa lao. Picha hiyo ionyeshe historia ya kijiji chao. Iwe na mashamba, mifugo na soko. Zaidi ya yote, iwe na siku ya kuhama.

Wazee wa Kasulu na Kibondo wanaijua habari ya kuhama. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilianza. Watu waliokuwa wakiishi mbali mbali, kila ukoo mlimani kwake, walihamishiwa katika vijiji vya pamoja. Nyumba za zamani ziliachwa. Mahali pale sasa ni mahame. Wajukuu hawapajui.

Wanakisomo walichanga fedha. Zikatosha kopo moja tu la rangi nyeupe. Basi wakaanza kubishana. Rangi nyingine zitatoka wapi? Na je, kila rangi inafaa kuchorwa darasani?

Mama mmoja alisema nyekundu isitumike kabisa. "Nyekundu ni damu," alisema. "Ukipaka nyekundu ukutani unaita msiba."

Bibi mmoja, mzee kuliko wote mle darasani, akamjibu: "Mwanangu, wewe umezaa watoto sita. Siku ulipowazaa hukuiona hiyo nyekundu?"

Darasa zima likacheka. Hata yule mama akacheka. Lakini swali halikuisha. Mwalimu akatugeukia sisi wa gazeti. Akauliza, "Ninyi mnasemaje?"

Siku ile hatukuwa na jibu zuri. Tumekwenda kulitafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

RANGI TATU ZA KWANZA

Kwanza tuitazame lugha yetu. Katika Kiswahili, rangi zenye majina yake zenyewe ni 3 tu: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Tunasema kitabu cheupe, ng'ombe mweupe, nyumba nyeupe. Neno linageuka kufuata kitu kinachotajwa.

Rangi nyingine zimeazima jina la kitu. Kijani ni rangi ya jani. Kijivu ni rangi ya majivu. Kahawia ni rangi ya kahawa iliyokaangwa. Zambarau ni tunda. Manjano ni bizari ile ile inayotiwa katika mchuzi. Kwa hiyo ukisema "kitambaa cha kijani", umesema kitambaa chenye rangi ya jani.

Jirani zetu wa Burundi na Rwanda nao wana maneno matatu ya namna hiyo. Kwera ni kuwa cheupe. Kwirabura ni kuwa cheusi. Gutukura ni kuwa chekundu. Msomaji anayesema Kiha hana haja ya kutafsiriwa. Tena huko Rwanda neno hilo hilo kwera hutumika kwa mazao yaliyoiva shambani.

Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha kitabu juu ya jambo hili. Walilinganisha lugha za sehemu nyingi za dunia. Waliona kwamba lugha ikiwa na majina 3 tu ya rangi, majina hayo huwa ni ya nyeusi, nyeupe na nyekundu.

Kwa nini ziwe hizo? Wataalamu wana majibu yao marefu. Mimi nina jibu langu fupi. Nadhani ni kwa sababu rangi hizo 3 hazikuhitaji duka. Nyeusi ilikuwa katika mkaa. Nyeupe ilikuwa katika majivu na katika udongo mweupe wa mabondeni. Nyekundu ilikuwa mlimani.

KUTU ILIYO MLIMANI

Kwa nini udongo wa milima yetu ni mwekundu?

Liache jembe lako nje wakati wa masika. Baada ya siku chache litashika kutu. Kutu ni chuma kilichoungana na hewa kwa msaada wa maji. Sasa fahamu kwamba ndani ya mawe na udongo wetu mna chuma pia. Mvua imenyesha juu ya milima hii kwa miaka maelfu mengi. Imeosha vitu vingine vingi na kuvipeleka mabondeni. Chuma kimebaki, nacho kimeshika kutu. Ndiyo kusema shamba lako lina kutu kama jembe lako.

Udongo wa manjano nao una kutu. Tofauti ni kwamba kutu hiyo imeshikamana na maji ndani yake. Ukiichoma, maji yanatoka na rangi inageuka. Jaribu mwenyewe. Chukua udongo wa manjano kidogo, uweke juu ya kigae, kisha weka kigae katika moto mkali wa kuni. Udongo ulioingia wa manjano utatoka mwekundu. Wafinyanzi wanalijua jambo hili. Chungu kibichi hakina wekundu ule unaouona baada ya kuchomwa.

Binadamu alianza zamani sana kutumia kutu hiyo kama rangi. Huko Afrika ya Kusini, karibu na bahari, kuna pango linaloitwa Blombos. Mwaka 2008 wataalamu wa mambo ya kale walichimba humo wakakuta makombe 2 ya baharini yaliyotumika kama bakuli. Ndani yake mlikuwa na mabaki ya udongo mwekundu uliosagwa, mkaa na mifupa iliyopondwa. Mawe ya kusagia yalikuwa hapo hapo. Vitu hivyo vina umri wa miaka kama 100,000. Wakati huo hapakuwa na jembe, wala chungu, wala mbuzi wa kufugwa. Rangi ilikuwako.

Hapa kwetu Tanzania nenda Kondoa, katika mkoa wa Dodoma. Huko Kolo na vijiji vya jirani kuna michoro juu ya miamba. Utaona watu, twiga na tembo. Michoro ya zamani zaidi kwa kawaida ni myekundu. Ile ya nyeupe kwa kawaida ilikuja baadaye. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia. Kanga yako ikianikwa juani mwaka mmoja inapauka. Michoro ile imepigwa na jua na upepo miaka mingi sana, na bado inaonekana, maana kutu haipauki kwa jua.

MIGONGO YA RWANDA

Mfano ulionipendeza zaidi hauko mbali na Kibondo. Ukipita Kakonko ukaenda mpaka Ngara, ukavuka mto Kagera katika daraja la Rusumo, umeingia Rwanda. Sehemu hiyo ni wilaya ya Kirehe. Huko kuna ufundi unaoitwa imigongo. Neno hilo kwetu ni migongo.

Mafundi wa kazi hii ni wanawake. Wanachukua samadi ya ng'ombe na kuichanganya na majivu. Kisha wanaifinyanga kwa vidole ukutani au juu ya ubao, ifanye migongo mirefu iliyonyooka na iliyopinda. Ikikauka wanailainisha kwa jiwe. Ndipo wanaipaka rangi. Rangi za asili za kazi hiyo ni zile zile 3. Nyeupe ni udongo mweupe. Nyekundu ni udongo mwekundu. Nyeusi ndiyo yenye kazi. Utomvu wa mshubiri huchanganywa na majivu ya maganda ya ndizi, pamoja na tunda la mti wa jamii ya ndulele.

Inasimuliwa kwamba aliyeanzisha ufundi huo ni Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka. Alitaka kupamba nyumba yake. Gisaka ilikuwa ufalme wa upande huo wa mashariki ya Rwanda.

Mwaka 1994 yalitokea mauaji ya kimbari katika Rwanda. Wengi waliokuwa wakiujua ufundi wa migongo waliuawa. Fikiri jambo hilo. Ufundi ulio vichwani mwa watu, usioandikwa popote, hufa pamoja nao. Baadaye wanawake waliobaki waliunda ushirika, wakafundishana upya. Leo kazi zao zinanunuliwa na wageni, na wengine siku hizi hutumia rangi ya dukani kwa kuharakisha kazi. Siwalaumu.

Hata rangi ya kopo ina heshima yake. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa nchi yetu. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Kwenye mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao nyembamba. Alitumia rangi za bei nafuu, zile za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972. Sasa michoro ya namna yake inaitwa kwa jina lake, Tingatinga, na imeenea dunia nzima.

BIBI NA MAMA, NANI ALISEMA KWELI?

Turudi kwenye ugomvi wa darasani. Je, nyekundu ni msiba au ni uzazi?

Kuna watu wa kaskazini magharibi ya Zambia wanaoitwa Wandembu. Mtaalamu wa Uingereza, Victor Turner, aliishi kwao katika miaka ya 1950 akiandika mila zao. Wandembu wana mti wanaouheshimu, wanaouita mukula. Ukiukata, unatoa utomvu mwekundu unaoganda upesi kama damu. Mti huo ni mninga. Wakata mbao wote wa Kibondo wameuona unavyovuja.

Kwa Wandembu, wekundu wa mninga ni damu. Lakini ni damu ipi? Ni damu ya mama anayezaa. Ni damu ya mnyama aliyeuawa na mwindaji. Vijana waliokwisha tahiriwa walikalishwa juu ya gogo la mninga, ili jeraha lao ligande upesi kama utomvu ule. Rangi ni moja, na maana zake ni nyingi. Nyingine ni za furaha, nyingine ni za hofu. Kwa hiyo bibi alisema kweli, na mama naye alisema kweli.

Nyeusi nayo ni hivyo hivyo. Wengi siku hizi huvaa nyeusi msibani. Lakini katika sehemu nyingi za nchi yetu, mnyama mweusi ndiye aliyetolewa wakati wa kuomba mvua, kwa kuwa wingu la mvua ni jeusi. Katika bendera ya Tanzania, nyeusi ni watu wenyewe. Kijani ni ardhi, buluu ni maji, na rangi ya dhahabu ni madini.

Na nyeupe? Watu husema nyeupe ni amani. Lakini Mwislamu akifa huvikwa sanda nyeupe. Huko pwani bibi arusi huvaa kanga ya kisutu. Tazama rangi zake: nyekundu, nyeusi na nyeupe, zote 3 katika nguo moja ya furaha.

Kwa hiyo mtu akikuletea orodha inayosema rangi hii maana yake hii, na rangi ile maana yake ile, muulize: kwa watu gani? Siku gani?

JINSI YA KUTENGENEZA

Sasa tuje kwenye kazi.

Chimba udongo wa chini, baada ya kuondoa ule wa juu wenye mizizi. Tafadhali msichimbe pango kuingia ndani ya ukingo. Ukingo hubomoka ghafla, na watu wamefukiwa katika mashimo ya udongo. Chimbeni kutoka juu, shimo liwe wazi. Watoto wasiachwe humo peke yao.

Kausha udongo, uutwange, uuchekeche. Funga kitambaa puani wakati wa kuchekecha. Kisha utie ndani ya ndoo ya maji na ukoroge sana. Hesabu polepole mpaka 60. Mchanga utazama. Yale maji yenye rangi yamimine katika chombo kingine, uyaache mpaka kesho yake. Asubuhi utakuta maji safi juu na tope laini chini. Mwaga maji. Tope hilo ndilo rangi yako.

Tope peke yake likikauka hutoka kama vumbi. Linahitaji kitu cha kulishika. Pika uji mwepesi wa unga wa muhogo, uupoze, kisha uchanganye na tope. Paka mahali padogo kwanza. Pakikauka, pangusa kwa kidole. Kidole kikichafuka, ongeza uji. Rangi ikipasuka, umepaka nene mno. Tumia uji siku hiyo hiyo, maana ukilala unachacha. Na rangi hii ni ya ndani ya nyumba au ya barazani. Mvua ikiipiga itaondoka.

Kwa nyeusi, saga mkaa, au kusanya masizi ya vyungu. Masizi hayapendi maji. Yasugue kwanza kwa sabuni kidogo, ndipo yatachanganyika. Kwa nyeupe, tumia udongo mweupe ukiupata. Chokaa hufaa pia, lakini inaunguza macho na ngozi. Usiipake kwa mikono mitupu.

Hapa nina jambo la kuungama. Nilipokuwa kijana tulisiliba ubao wa darasa kwa mawe ya tochi. Tuliyapasua, tukatoa ule unga mweusi, tukauponda na kuupaka kwa mikono. Ubao ulikuwa mweusi kweli kweli, nasi tulijisifu. Najua kwamba vijiji vingi vimefanya hivyo, na vingine vinafanya mpaka leo. Acheni. Ule unga una madini yanayoitwa manganizi. Mtu akivuta vumbi lake kwa muda mrefu huharibu ubongo na mishipa ya fahamu. Maji ya mawe hayo huunguza ngozi. Masizi na mkaa vinafanya kazi ile ile bila madhara hayo.

Na juu ya rangi ya kopo, jambo moja. Baadhi ya rangi, hasa za manjano na nyekundu zinazong'aa, zimekuwa zikitiwa madini ya risasi. Rangi hiyo ikibanduka, watoto hula vipande vyake au vumbi lake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto huumia akili, na akili hiyo hairudi. Ukinunua kopo, tafuta lililoandikwa kwamba halina risasi. Sasa unajua kusoma, basi soma kopo. Rangi ya zamani inayobanduka usiikwangue ikiwa kavu, wala watoto wasiwe karibu.

UKUTA ULIVYO SASA

Tulirudi katika darasa lile na majibu yetu. Tukakuta kazi imekwisha kuanza. Hawakutungoja.

Yule bibi alikuwa amekwenda mahameni kwao na mjukuu wake. Ni mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Alirudi na kikapu cha udongo kutoka mahali ilipokuwa nyumba ya mama yake. Udongo wenyewe ulikuwa wa manjano. Nusu waliuacha hivyo hivyo. Nusu aliuchoma juu ya kigae, ukawa mwekundu. Kumbe alikuwa anajua tangu zamani, wala hakuhitaji gazeti.

Kwa rangi hizo 2 aliichora mwenyewe nyumba ya msonge, kwa vidole, bila brashi. Yule mama wa watoto sita alichora watu wanaohama. Amewapaka mkaa. Nguo za akina mama amezipaka nyekundu, kutoka katika kikapu cha bibi.

Kopo la rangi nyeupe limebaki nusu. Darasa limekubaliana kuliandikia majina ya milima waliyotoka, kila ukoo jina la mlima wake, chini ya picha. Kila mwanakisomo anaandika la kwake kwa mkono wake. Tulipoondoka walikuwa wamefika jina la 9. Bibi alikuwa ameshika brashi, herufi 2 za mwisho zikiwa bado, na wenzake wakibishana jinsi zinavyoandikwa.